Kitambaa Mfukoni

Mpira ulikuwa bado mkononi.
Naanza hapo, kwa sababu kila aliyeniuliza
alianzia kwingine: kwenye mlio, kwenye machela,
kwenye mama yake aliyeruka ua wa waya
akaacha kiatu kimoja kikining'inia.

Mimi ndiye mwenye kofia nyeupe. Kazi yangu
ni kusimama nyuma ya mrushaji, hatua kumi na mbili,
na kumtazama yeye tu. Mpira una waamuzi wengine.
Siku za wiki natengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto;
Ijumaa usiku nalinda mbavu za watoto wa watu
kwa kipenga na kitambaa cha njano.

Novemba, Nebraska. Nyasi za Ardell
zinavunjika chini ya viatu kama mkate wa juzi.
Tobin Hruska, miaka kumi na saba,
anarudi nyuma, anatafuta, anamsubiri
Wendell avuke mstari.
Na upande asiouangalia anakuja Pruitt.

Nilimwona kabla yake. Hilo sijamwambia mtu.
Niliona magoti yakikunjika, uso ukiwa juu
kama walivyofundishwa, bega likitangulia,
bega kifuani, si kofia kwa kofia,
mikono ikifunga mgongoni. Kwa mbali
ungedhani ndugu wamepotezana miaka.
Nikasikia pumzi ikimtoka
kama gunia lililoachiwa kutoka kwenye lori.
Kisha ardhi.
Ardhi haikusoma kitabu cha sheria.

Jukwaa moja likapiga vigelegele,
la pili likanidai: Kitambaa! Kitambaa, we kipofu!
Vidole vyangu vilikuwa vimekishika mfukoni.
Sikukitoa.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Usiku ule haukukata popote.
Uliingia kwenye gogo ukakwama,
nami nimeushika mpini.

Wenzake Pruitt walikuja kumpiga mgongoni.
Akawasukuma. Akavua kofia, akapiga goti
peke yake kwenye mstari wa yadi thelathini,
masikio yakawa mekundu kwa baridi,
hadi taa za gari la wagonjwa zikapotea nyuma ya maghala.
Kocha wake akasema, Vaa. Akavaa.

Sasa sikilizeni hili, maana halimo kwenye ripoti yangu.
Robo ya nne, mrushaji wa akiba, mtoto mwembamba
ambaye jezi ilimvaa yeye, alisahau wa kumtazama.
Pruitt alimfikia. Alikuwa na haki yote, na nafasi yote.
Akasimama. Kiganja kimoja begani, basi,
kama mtu anayegusa mlango kuona kama umepakwa rangi.
Mpira ukaruka. Wakafunga. Ardell wakashinda kwa pointi mbili.

Uungwana, au woga? Sijui.
Kuna kitambaa cha kupita kiasi.
Cha kupungukiwa hakuna.

Februari nikaitwa kwa Hruska: mtambo umezima.
Baba yake, Milo, alinishikia tochi kule chini
bila neno, nusu saa nzima. Kisha:
"Ilikuwa halali?"
"Mpira ulikuwa bado mkononi."
Tochi haikutikisika. "Ndivyo video inavyosema,"
akasema, na akanipa bisibisi niliyokuwa naitafuta.

Nilipopanda, Tobin alikuwa sebuleni,
mapazia yamefungwa, miwani ya jua usoni,
mwanga bado unamchoma. Akanijua kwa sauti.
Hakuuliza habari za Pruitt. Hakuuliza habari za kitambaa.
"Wendell," akasema, "alikuwa wazi?"

Nilikuwa na bili mkononi, na masizi.
Mtambo ukaanza kunguruma chini ya sakafu.

"Sikuona," nikamwambia.
"Nilikuwa nakutazama wewe."